Mbwa wa Mgongoni

Jibu la mwenye nyumba lilikuja kwa barua pepe, mistari miwili tu: mbwa mmoja, mdogo, asizidi kilo kumi. Wekesa aliisoma kwa sauti pale jikoni, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Babake kule kwao Kenya, Kimilili, alifuga mbwa saba, na hakuna aliyewahi kuuliza uzito wa hata mmoja.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa Mama. Mama Miriam, mamake Wekesa, alikuwa na miaka sabini na minane, na alikuwa ameletwa Sydney baada ya makaratasi kuzunguka ofisi za watu kwa miaka sita. Makaratasi yalipotoka, akili ilikuwa imeanza kuondoka. Alifika akiwa anamjua mwanawe, anamjua Mungu wake, na mengine anayapata siku akijaliwa. Kwa mkewe Wekesa, Mutanu, ambaye ni Mkamba, Mama alizungumza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima kuliko kumbukumbu zake.

Taabu ilikuwa saa za mchana. Mutanu alitoka Doonside walikoishi, kwa treni ya alfajiri kwenda Westmead, kwenye makao ya wazee alikofanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, akarudi saa kumi kasorobo. Wekesa alitoka saa tano kwenda mjini, kusimamia usafi wa jengo moja la ofisi. Kuanzia saa tano mpaka saa kumi kasorobo, Mama alibaki peke yake na televisheni, geti limefungwa, na kamera ndogo juu ya kabati ambayo Mutanu aliitazama kwenye simu kila alipopata nafasi ya kuketi. Katika kamera hiyo alimwona Mama akipanga nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, anatoka nje, anatikisa geti, anarudi, anazipangua. Siku nyingine alifanya hivyo mara tisa.

Mtu angesema, kwa nini wasimpeleke kwenye makao, ikiwa mkaza mwana mwenyewe anafanya kazi huko na anayajua? Ndiyo maana hasa. Mutanu alikuwa akiwaogesha wazazi wa watu ambao watoto wao walikuja Krismasi na kuondoka kabla chai haijapoa. Wekesa alikuwa amemwapisha kwamba Mama hatakanyaga huko, naye aliapa kwa roho safi. Kuapa ni rahisi. Walichokosa ni mtu wa kukaa na Mama, kwani watoto hawakujaliwa, na dada na shangazi wote waliachwa upande ule wa bahari.

Basi likaja wazo la mbwa, na wazo lilitoka kazini. Kila Jumatano mama mmoja wa kujitolea alileta mbwa wake pale makaoni, mbwa mdogo wa aina ya Cavalier, masikio marefu ya hudhurungi, macho ya kuomba msamaha. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu Pasaka. Mbwa alipowekwa mapajani mwake, mzee akamwita kwa jina la mbwa aliyemfuga utotoni. Mutanu aliyaona hayo kwa macho yake. Asichokifikiria, na mtu wa kwao ndiye alipaswa kukifikiria kwanza, ni kwamba wazee wale walilala kitanda kimoja na mbwa tangu wakiwa wadogo. Mama Miriam alimjua mbwa kama mlinzi, mtu wa nje, wa kutupiwa ukoko wa ugali na kufunguliwa mnyororo jioni.

"Tuchukue Jack Russell," Wekesa alisema, anatelezesha kidole kwenye simu. "Huyo anabweka. Mama akienda kwa geti, majirani watajua."

"Majirani watajua, halafu agent wa nyumba naye atajua. Na huyo anaruka. Ngozi ya Mama ni kama karatasi, Wekesa. Arukiwe mara moja tu, ni jeraha la miezi mitatu. Mimi ndiyo ninayaosha hayo majeraha kila siku."

"Maltese basi."

"Nani atamchana nywele kila asubuhi? Wewe?"

Wekesa akamwonyesha Chihuahua. Mutanu akasema huyo hung'ata akiogopa, tena hupita katikati ya miguu, na mzee akianguka akavunjika nyonga, huo ndio mwanzo wa mwisho. Pug naye alikataliwa kwa sababu ya pumzi. Kiangazi cha magharibi ya Sydney humshinda hata mwenye pua ndefu. Ilipofika zamu ya Cavalier, Wekesa alishika simu akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Hii ni mbwa ama ni mto ya kochi?"

"Ni ya kukaa na mtu. Kazi yake ni hiyo tu, kukaa na mtu."

"Sawa. Wewe ndiyo unajua wazee," alisema, na akamwachia.

Aliyemtoa mbwa alikuwa mzee Mwaustralia aliyeitwa Clifford, ng'ambo ya pili ya reli, hapo hapo Doonside. Clifford alikuwa anahamia makao ya wazee wiki mbili zijazo, na huko mbwa hawapokelewi. Mbwa wake, Daisy, alikuwa na miaka tisa na kilo nane na nusu. Mutanu alifurahi, mbwa mzima ameshamaliza utundu wake. Clifford hakumuuliza mengi. Aliuliza kama mchana kuna mtu nyumbani.

"Mama mkwe wangu yupo siku nzima," Mutanu akajibu, na halikuwa neno la uongo.

Mzee akaingia ndani akatoka na kichupa cha vidonge. Alisema daktari wa wanyama amesikia mnong'ono kwenye moyo wa Daisy, kwamba aina hii ya mbwa ndivyo ilivyo, wengi wao moyo huwachoka mapema, na kidonge ni kimoja asubuhi ndani ya kipande cha soseji. Alisema hayo anatazama ukuta. Mutanu alijua mnong'ono wa moyo ni nini. Kwenye orofa yake nusu ya wazee walikuwa nao na walikuwa wanakula staftahi yao vizuri kabisa. Akakitia kichupa mfukoni. Nyumbani, Wekesa alipouliza, alisema ni vitamini. Kwa nini alidanganya? Kwa sababu alikuwa ameshachoka kuchagua, na angesema kweli wangerudi kwenye simu kuanza upya. Ni uongo mdogo wa mtu aliyetoka shifti, na uongo wa namna hiyo hauna anayeuogopa.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Mama alimkuta mbwa kwenye kochi akasimama amejishika kiuno.

"Nyumba hii haina mwanamume? Mbwa analala kwenye kiti cha wageni?"

Alimfukuza kwa ufagio, akafungua mlango wa nyuma, akamtoa nje. Mbwa akarudi. Akamtoa tena. Daisy hakubweka wala hakuonyesha meno. Alikaa mlangoni anatetemeka kwa baridi ya Julai mpaka afunguliwe. Mutanu aliyatazama hayo kwenye simu akiwa chumba cha mapumziko, akajua amekosea.

Wiki ya tatu, saa saba mchana, alifungua simu akamwona Mama anatembea sebuleni taratibu, huku na huku, amejifunga leso kifuani. Mgongoni kulikuwa na mzigo. Pembeni mwa leso lilining'inia sikio refu la hudhurungi. Mutanu alicheka mpaka akatoa machozi, peke yake, na kikombe mkononi.

Aliporudi nyumbani Mama alimpokea na kidole mdomoni.

"Polepole, binti. Nasimiyu ndiyo kwanza amepata usingizi."

Wekesa alipoambiwa jina hilo, aliketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. Nasimiyu alikuwa dada yake. Alizaliwa na kufa kabla yeye hajazaliwa, akiwa wa miezi minne, na Wekesa alilisikia jina lake mara moja tu maishani, kutoka kwa shangazi, siku shangazi aliposahau kuuchunga mdomo. Mama hakuwahi kulitamka. Si siku za sikukuu, si siku za misiba, hata siku babake Wekesa alipofariki.

"Nitamwambia," alisema. "Asubuhi nitamwambia, Mama, hiyo ni mbwa."

"Usimwambie. Kazini hilo ndilo jambo la kwanza wanatufundisha. Mgonjwa kama huyu humbishii, unaingia kwa dunia yake, unakaa naye huko. Ukimrekebisha unamtesa bure."

"Hii si kazini, Mutanu. Huyu ni mamangu."

"Na ametulia. Leo ameenda kwa geti mara ngapi? Niambie."

Hakuwa ameenda hata mara moja. Wekesa akakubali, shingo upande.

Na kweli, miezi ile miwili nyumba ilipoa. Mama alikula akamaliza sahani. Mfuko wa plastiki ulibaki kwenye msumari wake. Asubuhi alimfunga mbwa mgongoni, akafagia, akaimba nyimbo za Kibukusu, lugha ya kwao, ambazo Wekesa mwenyewe alikuwa amezisahau; mchana alimshusha, akamlisha uji wa vuguvugu kwa kijiko, na Daisy, ambaye maisha yake yote alitaka kitu kimoja tu, awe amegusana na mtu, alikubali kila kitu. Kanisani watu walimwambia Mutanu amenawiri. Akapokea saa za ziada. Wekesa naye akapokea za Jumamosi. Tuseme ukweli, hakuna aliyekuwa akiitazama tena ile kamera kwa makini, maana kulikuwa na mtu nyumbani.

Septemba mbwa akaanza kukohoa. Mama alisema mtoto ana kifua, akampaka dawa ya kuchua. Siku yake ya mapumziko Mutanu alimpeleka Daisy kwa daktari wa wanyama, peke yake, na daktari akamwonyesha picha: moyo umevimba, mapafu yanaanza kushika maji. Akamwongezea vidonge. Mutanu akauliza ni muda gani, na daktari akasema labda wiki, labda miezi, na kwamba Cavalier wengi huishia hivyo. Alirudi nyumbani akaviweka vidonge vipya pamoja na vya zamani. Wekesa hakuuliza, na yeye hakusema. Alisema moyoni mwake kwamba ataona la kufanya. Hakuona.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya Oktoba. Mchana Mutanu alitupia simu jicho, akamwona Mama anatembea na mgongo wake una mzigo, akairudisha mfukoni. Saa kumi kasorobo alifungua mlango. Mama alikuwa bado anatembea, anaimba kwa sauti ya chini. Kichwa cha Daisy kilikuwa kimelala bega la kushoto, mdomo wazi.

"Leo amelala sana," Mama alisema. "Hata uji hakutaka."

Mutanu aliweka mkono kwenye leso. Palikuwa pamepoa. Palikuwa pamepoa muda mrefu, na mwili umeanza kukaza, na Mama alikuwa amezunguka nao chumba kile tangu saa ambayo hakuna atakayeijua. Mikono ya Mutanu ilikuwa ya kazi, na mikono ya kazi hufanya kazi.

"Nipe nimlaze, Mama. Umechoka."

Alilifungua fundo, akampokea, akamfunika taulo na kumweka chumba cha kufulia, akafunga mlango. Kisha akampigia Wekesa. Wekesa alifika saa kumi na moja na nusu, na hapo ndipo Mutanu alipomweleza yote, Clifford na kichupa na picha ya daktari. Alitarajia ukali. Wekesa alisema neno moja tu.

"Vitamini."

Walipanga kwa kunong'ona. Wekesa atampeleka mbwa kwa daktari wakamchome moto. Mama akiuliza, aambiwe mtoto amelala. Kesho aambiwe amekwenda kwa shangazi. Baada ya siku chache atasahau. Mutanu alikuwa amelifanya hilo makaoni mara nyingi mno. Kulikuwa na wajane pale ambao waume zao walikuwa "wametoka kidogo" kwa miaka minne. Wekesa akaubeba mzigo wa taulo, akapitia mlango wa nyuma, akaondoka na gari.

Mutanu alimtengea Mama chai.

"Nasimiyu?"

"Amelala, Mama."

Mama akanywa. Akatazama leso iliyokuwa mapajani mwake.

"Hajaamka?"

"Bado amelala. Kunywa chai."

Mara ya tatu alipoambiwa amelala, Mama aliweka kikombe chini, taratibu, katikati ya kisahani.

"Ndivyo alivyosema sista," alisema.

"Sista gani, Mama?"

"Pale hospitali ya misheni. Nilikuwa na homa, hata kukaa siwezi. Nikauliza mtoto wangu. Sista akasema amelala. Kesho yake nikauliza, mama mkwe akaniambia kunywa uji, amelala. Siku ya nne nikajikokota mwenyewe mpaka kwa kitanda chake. Kilikuwa kimetandikwa." Alikuwa anasema bila kutafuta maneno, moja likifuata jingine, kama hajawahi kuugua. "Walisema nikijua nitakufa na mimi. Wakamzika, wakanyamaza, wote, kijiji kizima. Hakuna aliyekuja kuniambia pole. Utampaje mtu pole kwa mtoto aliyelala?"

Mutanu akavuta kiti, akaketi.

"Na wewe pia," Mama akasema. "Nilidhani wewe ni mtu mzuri."

Miaka kumi na moja ya kazi ilimtoka Mutanu pale mezani. Kuingia kwenye dunia ya mgonjwa, kumbe alikuwa ameingia kwenye dunia hii na kukaa kwenye kiti cha yule mama mkwe, na neno lake likiwa mdomoni. Alikwenda chumba cha kufulia akapiga simu.

"Usimwachie daktari. Mrudishe."

"Mutanu, niko hapa nje kwa clinic. Wanafunga saa hii."

"Mrudishe, Wekesa. Safari hii azike mwenyewe."

Wekesa hakuwa ameshuka kwenye gari. Alikuwa ameketi mle nusu saa nzima, taulo kiti cha nyuma, ameshindwa kufungua mlango. Alirudi. Walichimba uani, karibu na kamba za nguo, bila kujali mwenye nyumba angesema nini, na jua la Oktoba lilikuwa bado lipo juu ya mapaa. Mutanu alikwenda kwa Mama akapiga magoti mbele yake, kama alivyokuwa hajapiga tangu siku ya kuposwa.

"Mama, nilikudanganya. Mtoto hakulala. Amekufa. Amekufa mgongoni mwako, umembeba, hukumwacha peke yake. Njoo tumzike."

Mama hakulia. Aliomba maji akanawa uso. Akataka kitambaa chake cha kanisani, akajifunga mbele ya kioo, akaikunja kunja ile leso na kuishika mkononi. Wekesa alimtolea kiti uani. Kwa mara ya kwanza tangu afike nchi hii, alitembea kama mtu anayejua anakokwenda, na Mutanu, aliyekuwa amemshika mkono, alifikiri kwamba angalau hili wamelifanya sawa.

"Nipe," Mama alisema.

Wekesa akauweka mzigo wa taulo mapajani pake. Mama aliukunjua upande mmoja, halafu upande wa pili, kwa vidole vya mtu asiyetaka kuamsha. Akatazama. Alitazama masikio, akatazama pua nyeusi, akashika mguu wa mbele akaugeuza akaona kucha.

"Huyu ni mbwa," alisema.

Akamwinulia mwanawe macho.

"Wekesa. Huyu ni mbwa. Mtoto wangu mmempeleka wapi?"

Wekesa alimgeukia mkewe, na Mutanu akaona kwamba sasa hapakuwa na njia nyingine, wala ya kazini wala ya nyumbani.

"Nasimiyu alikufa zamani, Mama," alisema. "Alikufa misheni, ukiwa mgonjwa. Kabla Wekesa hajazaliwa."

Mama aliinamisha kichwa, akakiinua.

"Sasa umesema," akasema. Akamgeukia mwanawe, sauti yake ya upole, sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo la nyumbani. "Na walimzika wapi?"

Wekesa alikuwa ameshika sepeto. Babake alikuwa amekufa. Nyanya yake alikuwa amekufa. Sista alirudi kwao Ulaya, na kama yu hai ana miaka mia. Shangazi aliyelitamka lile jina alizikwa mwaka jana, na Wekesa aliyatazama mazishi kwenye simu, amesimama kwenye lifti ya lile jengo la ofisi.

"Sijui, Mama."

"Hujui?"

"Sijui. Hakuna aliyeniambia."

Mama alimfunika mbwa, kona kwa kona, akaunyoosha mkunjo wa taulo, akamrudishia Wekesa. "Basi mzikeni mbwa wenu," alisema, bila hasira. Walimzika. Wekesa alirudisha udongo kwa sepeto na Mutanu akaukanyaga kwa viatu vyake vya kazini, na muda wote huo Mama aliketi pale kwenye kiti na leso yake mkononi, akiwangoja wamalize. Walipomaliza alimwita mwanawe karibu. Jibu lilikuwa limeshamtoka akilini. Swali halikuwa limemtoka.

"Wekesa," alisema, "dada yako walimzika wapi?"

Wekesa alichuchumaa mbele ya kiti, mikono ina udongo, akamwambia tena kwamba hajui.